Siku Mbelwa Alipojipakulia

Haya nimeyapata kwa wifi yangu Namvua, mwaka ule vuli iliporudi baada ya kupotea muda mrefu, tukiwa uani kwake tunamenya ndizi za msibani. Namvua na Nakadori walikuwa majirani wa kuombana chumvi. Mengi aliyaona kwa macho yake, na yale asiyoyaona alisimuliwa na mwenyewe. Nami nayatoa kama nilivyoyapokea, ila matusi ya Namvua nimeyapunguza.

Nakadori alikuwa mpapasaji wa ndiva. Ndiva, kwa asiyejua, ni bwawa la kule milimani Upareni, lenye ukuta wa mawe na udongo. Usiku kijito hulijaza, asubuhi mlango wake huzibuliwa, maji yakashuka mashambani kwa zamu. Ukuta wa namna ile hauvunjiki ghafla kama watu wanavyodhani. Huanza na tundu. Na maji yanayotoroka hayapigi kelele, huvuta. Mpapasaji huzamisha mkono hadi begani, akaupitisha ukutani jiwe kwa jiwe, na penye tundu, hata la kupita uzi wa kushonea, kiganja husikia kinanyonywa, kama mdomo wa mtoto mchanga unaotafuta ziwa gizani. Hapo huchukua udongo wa mfinyanzi akaziba. Kazi ni hiyo tu. Lakini haina maneno. Ni mkono kuufundisha mkono, na huchukua miaka.

Sasa ajabu ya Nakadori ni kwamba ndiva yake haikuwa na maji. Kijito kilikauka zamani, watu wakahama, watoto wake wakahama nao, mume akafa, wakabaki yeye na Namvua na nyumba zilizofungwa minyororo. Na bado kila asubuhi alishuka, akapiga magoti ndani ya ndiva kavu, akavaa soksi yake, akaanza kupapasa ukuta wa vumbi. Alipopanda tena kwenda nyumbani, mkono ule mmoja ulikuwa baridi, na mwili uliobaki wote unatoka jasho.

Soksi ndilo jina watu walilolitumia. Baraza la Maji, lililoigawa, lilikuwa na jina lake refu. Ilikuwa kitambaa chepesi cha kufunika mkono, kutoka begani hadi ncha za vidole. Uzi wake haukusokotwa. Ulioteshwa kama uyoga, kwenye beseni moja, ukawa kitambaa kimoja, kisha kikakatwa katikati. Vipande viwili vya mama mmoja havisahauliani, hata vikitenganishwa na milima. Kimoja alikivaa Nakadori Upareni. Cha pili alikivaa Mbelwa huko Usambara, ambako kijito kilikuwa bado kinatiririka lakini wapapasaji wote walikuwa wameshazikwa. Alichokigusa mmoja, mwenzake alikisikia. Kulikuwa pia na shanga ya kutia sikioni, ya kusemeshana.

Na kwenye kifundo cha soksi ya mwalimu palikuwa na kigurudumu. Hicho ndicho kilichogawa uongozi wa mkono. Watu walizipa hatua zake majina ya mezani. Ya kwanza waliiita kulishwa: mkono wa mwanafunzi unalegea, wa mwalimu unaupeleka kila mahali. Ya pili, sahani moja: nusu kwa nusu, wote wawili wanatafuta. Ya mwisho ni kujipakulia. Hapo mwanafunzi yuko peke yake, na soksi hufa, zote mbili, na shanga zake. Baraza lilizitengeneza hivyo makusudi. Zamani, zilipoanza, wenye mali walikodi mikono ya maskini wakaitumia kama koleo, na hawakuirudisha. Basi ikatungwa sheria: mtu ukishamwachia mkono wake, huuchukui tena.

Kazi ya kukizungusha kigurudumu aliachiwa mwalimu. Hakuna mashine ingeweza kujua mkono umeiva lini.

*

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, Msambaa. Umechelewa."

"Mvua, Mama. Huku imenyesha mpaka kuku wanaogelea. Usinipeleke mahakamani."

"Nitakupeleka. Nitauza ng'ombe nimlipe wakili wa kukushtaki kwa kuku mmoja."

Mbelwa akacheka, maana Wapare wana sifa ya kupenda kesi. Alikuwa mtu mzima, ana ndevu, ana mke aliyekuwa amekwenda kwao kujifungua, na mama yake alikaa nyumba ya kwanza kabisa chini ya ndiva. Kijiji kilimchagua yeye kwa sababu alikuwa na mikono mirefu na hakunywa pombe.

"Haya, shusha mkono," Nakadori alisema.

Na maji yakampanda. Ndivyo alivyomwambia Namvua: yanapanda, kutoka vidoleni hadi kwapani, baridi ya milima ya wenyewe. Kila siku, mara yalipomfika kwenye kiwiko, alifumba macho. Vumbi likaondoka, jua likaondoka, akawa tena yuko kwenye ndiva iliyojaa.

Walikuwa kwenye sahani moja. Na walikuwa kwenye sahani moja kwa muda mrefu sasa. Baraza lilimuuliza mara mbili, naye akajibu, "Bado kidogo." Namvua ndiye aliyemwambia ukweli, maana Namvua hajui kuuzungusha.

"Nakadori, unamnyonyesha mtu mwenye ndevu."

"Bado hajaiva."

"Yeye hajaiva au wewe hujashiba?"

Nakadori akamwomba aondoe kuku wake kwenye mtama wa watu.

*

Jambo lililomtia hofu lilitokea siku aliyoamka bega limekufa ganzi. Alikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi. Hakuweza kupapasa, lakini alivaa soksi, akaketi ukutani mkono umelala mapajani, akamwambia Mbelwa, "Leo nenda mwenyewe, mimi nasikiliza tu."

Mbelwa akaenda. Mkono ukateleza jiwe la kwanza, la pili, la tatu, ukasimama. Ukapumzika. Ukaendelea jiwe la nne, la tano, la sita, ukasimama.

Nakadori akadhani ameona kitu.

"Umepata nini hapo?"

"Sijapata kitu, Mama."

"Mbona umesimama?"

"Si ndipo tunaposimama? Mawe matatu, halafu unasikiliza. Ndivyo ulivyonifundisha."

Nakadori hakuwahi kufundisha jambo hilo. Alisimama kila jiwe la tatu kwa sababu bega lilimuuma.

"Na unaposimama," akauliza taratibu, "unasikiliza nini?"

Mkono ukapapasa jiwe moja zaidi.

"Nakusikiliza wewe, Mama. Wewe ukiendelea, najua pamepona."

Akavua soksi kabla ya wakati. Jioni ile alimsimulia Namvua. Wakakaa wanapepeta mtama. Nakadori alikuwa ameona wazi. Alidhani analea mpapasaji, kumbe amelea kivuli cha bega bovu. Mwanamume yule alikuwa na macho yake, miguu yake kwenye udongo wake, pua ya kunusa matope yake, lakini alivifunga vyote akamngoja mtu aliye mbali, kwenye bwawa la vumbi.

"Mzungushie kesho," Namvua akasema mwishowe.

"Kesho," Nakadori akaitikia.

Kesho ilipofika, maji yakampanda hadi kwenye kiwiko, akafumba macho, hakuzungusha. Keshokutwa vilevile. Alijiambia atapunguza kidogo kidogo, na kweli alianza kumuuliza maswali badala ya kumvuta. "Hapa pakoje? Wewe unaonaje?" Lakini kigurudumu alikiacha palepale. Mtu anayekula peke yake anajua kwa nini.

*

Vuli ile ilianza Usambara kabla ya kwetu. Ilinyesha siku nyingi mfululizo. Adhuhuri moja Nakadori alikuwa anasonga ugali, soksi aliyoshinda nayo siku zile za mvua ikamkaza mkononi, dalili ya kuitwa. Akaacha mwiko kwenye sufuria, akavaa shanga.

"Mama! Mama, upo?"

"Nipo. Kuna nini?"

"Imejaa mpaka juu. Mchirizi wa kupunguzia maji umezibwa na mti, hatuwezi kuusogeza. Ukuta unalia, Mama. Njoo!"

Akatoka mbio kuelekea ndiva kavu, naye ni mtu wa magoti mabovu. Namvua akamfuata amebeba kanga ya kumkinga jua. Alipopiga magoti, mkono wa Mbelwa ulikuwa tayari majini, na maji hayakupanda kama siku zote. Yalimshika kwa nguvu, mazito, yamejaa mchanga na majani.

"Watu wa chini?"

"Wanapandishwa. Vijana wanabeba wazee. Mama yangu hajafika, amerudi kufungua kuku."

"Kuku!"

"Ndiye mama yangu."

Wakapapasa pamoja. Jiwe kwa jiwe, bila kupumzika, bega la Nakadori linawaka moto. Karibu na mlango kiganja kikanyonywa. Kwa nguvu.

"Hapa," akasema. "Mlangoni. Leta udongo na migomba iliyokatwa, tuzibe."

Mbelwa hakusogea.

"Unasikia? Hapa!"

"Nasikia, Mama. Lakini..." Alikuwa anahema. "Huku nje, upande wa migomba, mbali na mlango, ukuta umelowa kwa chini. Unatoa maji ya kahawia. Na umevimba. Nauona. Umevimba kama shavu la mwenye jino."

Nakadori akapeleka mkono upande huo. Hakusikia kitu. Upande wa ndani ulikuwa mzima, unateleza, hata mvuto wa nywele haukuwapo. Mkono wake ulimwambia ni mlangoni. Mkono huo haukuwahi kumdanganya tangu alipokuwa msichana. Lakini ulijifunza kwenye ukuta huu wa kwao, mawe haya, udongo huu mwekundu. Wa kwa Mbelwa hakuwahi kuuona kwa macho hata siku moja.

"Mama," Mbelwa akasema, na sauti ikapungua. "Ukuta hukatwa?"

Namvua anasema alimwona mwenzake akiinua kichwa kama aliyepigwa. Upareni ukuta wa ndiva haukatwi. Aliyeukata zamani alitengwa; hakuombwa moto, hakuzikwa na watu. Hata mtoto akichezea jembe karibu na ukuta hupigwa mkono. Kuziba ndiyo kazi, na mpapasaji ni mtu wa kuziba mpaka dakika ya mwisho.

"Kwetu haukatwi," akasema.

"Na kwetu?"

Hapo ndipo penyewe. Kigurudumu kilikuwa chini ya kidole gumba chake. Akikirudisha nyuma kwenye kulishwa, mkono wa Mbelwa ungelegea, na yeye angeupeleka mlangoni akaziba kama alivyoziba maisha yake yote. Kama tundu ni la mlangoni, watu wangepona. Kama ni kule kwenye uvimbe, angekuwa amemshika kijana wa watu mkono huku ukuta unamwangukia mama yake. Na akimwachia, yule anayesimama kila jiwe la tatu, asiyejua kusikiliza kitu isipokuwa yeye? Nani aliyemfanya hivyo?

"Kwenu sijui," Nakadori akasema. "Mimi kwenu sijawahi kufika."

"Mama, nilishe."

"Mbelwa..."

"Nilishe, Mama! Chukua mkono, fanya wewe! Nikikosea mimi nitawatazama vipi? Ukikosea wewe ni mwalimu!"

Ndiyo maneno yake, Namvua aliyasikia, maana Nakadori alikuwa ameishika shanga nje ya sikio ili wasikie wote wawili. Ukikosea wewe ni mwalimu. Mtu anautoa mkono wake mwenyewe kama anayeshusha mzigo garini.

"Nisikilize," Nakadori akasema. "Mimi nina kiganja tu. Sina macho huko. Wewe unayo. Unasimama juu ya nini sasa hivi?"

"Juu ya ukuta."

"Miguu inakuambia nini?"

Ndani ya shanga mvua ilisikika ikipiga, kwenye kile kibonde kikavu kisicho na hata tone.

"Unatetemeka," Mbelwa akasema. "Upande wa migomba. Mlangoni hautetemeki."

"Mimi hilo silisikii."

"Husikii?"

"Hata kidogo, mwanangu. Hilo ni lako."

Akasikia pumzi ya Mbelwa ikiingia na kutoka. Halafu, polepole, akausikia mkono ule ukivuta kinyume na wake. Si kwa nguvu. Kama mtoto anayechomoa kiganja barabarani kwa sababu ameiona njia. Muda wote wa sahani moja haukuwahi kumvuta namna ile.

Nakadori angeweza kuungoja. Angeweza kuuacha umvute huku yeye bado yumo, asikie mwisho wake. Alimwambia Namvua baadaye kwamba hilo ndilo alilolitamani kuliko kupumua. Lakini alimjua Mbelwa. Maadamu palikuwa na mkono wa pili kwenye sahani, angesita, na siku ile hapakuwa na nafasi ya kusita.

"Kwaheri, Msambaa," akasema, akazungusha kigurudumu mpaka mwisho.

Maji yakamshuka. Kutoka kwapani, kiwiko, kifundo, vidole. Yakaisha. Akabaki amegusa ukuta wa vumbi, jua la adhuhuri mgongoni, soksi imemlegea mkononi kama ngozi ya nyoka aliyekwisha kuondoka.

"Imekuwaje?" Namvua akauliza.

"Sijui."

"Anafanya nini?"

"Namvua, sijui. Sitajua."

*

Simu zilikuwa zimekatika upande wote wa Usambara. Namvua alilipigia Baraza, wakamwambia minara imelala, wangoje. Nakadori hakupiga. Alirudi nyumbani akakuta ugali umeungua, akaukwangua sufuriani, akala ule ule mweusi. Usiku hakulala. Asubuhi akateremka kwenye ndiva kavu kama kawaida, akapiga magoti, akaweka mkono mtupu ukutani, na ukuta ulikuwa ukuta tu. Akakaa mpaka jua likamchoma, akapanda.

Namvua alimpelekea uji. Hakunywa.

"Ungemshika," Namvua akasema, kwa kuwa huyo ndiye Namvua. "Angalau ungejua."

"Ningejua, ndiyo."

"Sasa?"

"Sasa mkono ni wake. Hata kama ameua watu, ni wake." Halafu akasema, "Ningemzungushia siku ile ya mawe matatu, leo angekuwa ameshazoea. Nilimwachia mlangoni mwa kifo, kwa sababu nilipenda maji yake."

Namvua alichukua bakuli la uji, akalipasha moto, akalirudisha.

Simu ililia siku nyingine baada ya hapo, asubuhi inayokaribia mchana, minara imeshainuka. Nakadori aliitazama ikilia. Namvua ndiye aliyeipokea akampa.

"Shikamoo Mama."

Nakadori aliishika simu kwa mikono miwili.

"Mama? Ni Mbelwa. Unanisikia?"

"Marahaba," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Kuku. Kuku wamekufa wote bandani, ukingoni mwa korongo, mama alibebwa kabla hajawafungulia, analia mpaka sasa, anasema ningewaokoa wao kwanza." Akacheka, halafu kicheko kikakatika. "Mama, niliukata. Si upande wa migomba. Nilikwenda upande wa mwamba, penye korongo, tukaukata kwa majembe, maji yakageukia korongoni. Yamechukua shamba la migomba la kule korongoni na choo cha zahanati. Ukuta uliobaki umesimama. Nilipotazama baadaye, kwenye ule uvimbe palikuwa na njia ya panya ndani kwa ndani, imetoboka karibu yote. Na mlangoni nako kulikuwa na tundu, kweli, kama ulivyosema. Dogo."

"Dogo," Nakadori akasema.

"Wazee wamenikasirikia. Maji ya msimu yamekwenda. Wanataka kuniketisha kikao Jumamosi."

"Utawaambia nini?"

"Nitawaambia ulitetemeka. Niliusikia kwa miguu." Alisema bila kujisifu, kama mtu anavyotaja bei ya chumvi.

"Mbona hukupiga mapema? Watu huku wamekaa roho juu."

Mbelwa akasema kwa aibu ya kweli, "Nilisahau, Mama. Nisamehe. Tuliziba mpaka tukaanguka, nikalala palepale juu ya magunia, nikaamka tukaendelea. Simu ilirudi tangu jana. Sikukukumbuka mpaka leo nilipokaa kula."

Namvua anasema alitaka kumnyang'anya simu amtukane. Lakini Nakadori alikuwa anatabasamu, na machozi yanamtoka, na hakujishughulisha kuyafuta.

"Umenisahau?"

"Nimekukosea, Mama."

"Nitakushtaki."

"Mpare wewe! Kwa kosa gani?"

"Nitalitafuta." Akapangusa pua. "Sasa niambie kitu kimoja. Baada ya ule mkato, ulipozamisha mkono tena, maji yalikuwaje?"

"Maji? Ya baridi sana, Mama. Yalikuwa yametulia, mchanga umeshuka chini, halafu..."

Nyuma yake mtu aliita, sauti ya mbali, "Fundi! Fundi, njoo uangalie huku!" Na mwingine akaita hivyohivyo. Mbelwa akageuza mdomo pembeni ya simu, akajibu, "Nakuja! Msiguse!" Halafu akarudi. "Mama, nitakupigia."

"Nenda."

"Nitakupigia jioni."

"Nenda, baba. Wanakungoja."

Alibaki ameshika simu mpaka ikazima taa yake. Kisha akamwambia Namvua anahisi usingizi. Namvua akatazama nje. Jua lilikuwa utosini. Kule milimani mtu halali saa ile, isipokuwa mgonjwa, au aliyemaliza kazi. Alimgusa paji la uso, halikuwa na homa.

Akamtandikia mkeka kwenye ubaraza wenye kivuli, akamfunika miguu kwa kanga, akaketi kando yake anachambua maharage. Nakadori akajigeuza ukutani. Haikupita hata kitambo, pumzi zikaanza kwenda mbali, akalala.